Kitabu cha baridi ya Ulaya, mu mvua ya Lubumbashi

Ba-radioamateri bengi wanakitaja kitabu Low-Band DXing cha John Devoldere, Mbelgiji aliyekuwa anaitwa hewani ON4UN, sawa vile Biblia. Kiko kizuri, lakini kwetu Lubumbashi kisomwe na makasi.

Nguvu yake ni kurasa za kupokea. Anatenganisha antena ya kutuma na ile ya kusikia, na hapo njo shida yetu: Novemba mpaka Machi, radi inafunika bandi za meta 160 na 80. Ongeza wati, batakusikia, wewe hautabasikia. Na miezi hiyo njo baridi ya Ulaya, wakati kule bandi hizo ziko bora! Kwa hiyo mimi nachagua Septemba, mbele ya mvua.

Kinachonichosha ni minara na mashamba ya antena. Robo ya wimbi ku meta 160 ni waya wa meta 40 hivi. Antena ya Beverage inaomba hata zaidi ya meta 150. Mu lupango gani? Waya unaopanda ku muembe, halafu unalala mpaka ku ukuta, unatosha kuanza. Ila usibane waya za kulaza chini: udongo wetu mwekundu, ukikauka mu Agosti, unakula nguvu nyingi.