Zorro na Zorra: Mnyama Mmoja, Hukumu Mbili

Katika mafunzo ya tafsiri imezoeleka kusema kwamba neno lina kwanza maana ya msingi, kisha maana ya sitiari. Mnyama hutangulia, naye binadamu hufananishwa naye baadaye. Neno moja la Kihispania latulazimisha kuupima upya mpangilio huo.

Zorro ni mnyama mwekundu mwenye mkia mnene, jamaa ya mbweha wetu; zorra ni jike lake. Likielekezwa kwa mwanamume, neno hilo humtaja mtu mjanja asiyenaswa upesi. Ndiyo maana Mmarekani Johnston McCulley, alipobuni mwaka 1919 shujaa wa California mwenye kuficha uso, aliweza kumwita Zorro kwa sifa. Likielekezwa kwa mwanamke, zorra ni kahaba. Irabu moja ya mwisho yageuza sifa kuwa tusi.

Je, mnyama ndiye chanzo? Jina lake la zamani ni raposa, linalohusishwa na rabo, yaani mkia. Mwanaisimu Joan Coromines alilinasibisha zorro na neno la kumwita mtu mvivu, ambalo baadaye mnyama alibandikwa. Ikiwa ndivyo, binadamu alihukumiwa kabla ya mnyama kupewa jina. Jambo hili halitamshangaza msomaji wa Kifaransa: renard lilikuwa jina la mtu, akapewa mhusika wa hadithi mashuhuri za karne za kati, hata likaliondoa neno la kale goupil.

Mwaka 2024 Hispania iliwakilishwa katika mashindano ya Eurovision, huko Malmö nchini Uswidi, na kikundi Nebulossa kwa wimbo uitwao Zorra. Mwimbaji wa kike alijitwalia tusi hilo ili alinyang'anye nguvu. Wako waliosifu, wako watetezi wa wanawake waliotaka wimbo uondolewe, kwa hoja kwamba tusi halipotezi sumu kwa kurudiwa. Pande zote mbili zilijua kwamba hapakuwa na mnyama katika ugomvi huo.

Sasa tumfikirie mfasiri wa Kiswahili. Ngeli zetu hazitenganishi mume na mke, na ujanja katika ngano zetu ni wa sungura. Akiandika "mbweha", amehifadhi manyoya na kuipoteza hukumu. Akiandika "kahaba", amelifikisha tusi, lakini ameficha kwamba neno lilo hilo humsifu mwanamume. Kwa maoni yetu kosa la kwanza ni kubwa zaidi, kwa kuwa laufanya udhalimu wa watu uonekane kuwa tabia ya mnyama. Hapana budi mfasiri aulize kwanza nani anasema, na anamsema nani. Mnyama atafutwe baadaye. Asipopatikana, sentensi moja ya maelezo itamfaa msomaji kuliko mbweha asiyesema kitu.