Kuhesabu Waliokufa Hakutoshi Ziwa Nyasa

Kwa miongo mingi sumu ya majini imepimwa kwa kuhesabu waliokufa na waliolegea. Mwongozo namba 202 wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo unaagiza watoto wa dafnia, yule kiroboto maji wa jamii ya kamba na kaa, watiwe kwenye maji yenye kemikali kabla hawajatimiza saa 24 tangu kuzaliwa. Baada ya saa 48 wanahesabiwa walioshindwa kuogelea. Kwa viuatilifu vya mashamba ya kahawa ya Mbinga kipimo hicho kinasema mengi, kwa sababu viliundwa kuua. Dawa nyingi za binadamu kazi yake ni nyingine: hushika protini fulani mwilini na kubadili utendaji wake, kwa kiasi kidogo, bila kumdhuru anayezimeza. Kutafuta madhara yake kwa kuhesabu maiti ni sawa na kumpima mgonjwa wa presha kwa kutazama kama bado anatembea. Ndiyo maana nasema kwamba tukitaka kujua dawa zinafanya nini katika Ziwa Nyasa, tuanze na protini za vijidudu vinavyoliwa na usipa, wale samaki wadogo wa ziwa hilo.

Njia yenyewe haina miujiza. Dafnia jike huzaa bila dume, watoto wakafanana naye kwa urithi, hivyo makundi mawili ya ndugu hulelewa kwa chakula kilekile na mwanga uleule, moja tu likiwekewa dawa. Kisha wanasagwa, protini zao zinakatwa vipande kwa kimeng'enya cha tripsini, na mashine hupima uzito wa kila kipande. Uzito huo hulinganishwa na orodha ya jeni. Orodha ya Daphnia pulex ilichapishwa mwaka 2011 ikiwa na jeni zaidi ya 30,000, na bila hiyo vipande vile vingebaki namba zisizo na majina. Hapo mtafiti huona kama protini ya kiini cha yai imepungua, kama vimeng'enya vya kuondoa sumu vimeongezeka, kama hemoglobini imepanda. Tusishangae kwamba dawa ya mtu humgusa kiumbe mdogo kiasi hicho: uchambuzi wa mwaka 2008 uliopitia protini 1,318 zinazolengwa na dawa za binadamu ulikuta asilimia 61 zina ndugu zao ndani ya dafnia. Na madhara si lazima yaonekane kama udhaifu. Mwaka 2005 Flaherty na Dodson waliweka dafnia kwa siku 30 kwenye maji yenye fluoksetini, dawa ya sonona, mikrogramu 36 kwa lita. Hawakupungua, walizaa zaidi. Kiasi hicho ni kikubwa kuliko cha mito mingi, lakini mwenye kuhesabu maiti tu angeandika kwamba hakuna tatizo.

Mtu atauliza: dawa hizo zitoke wapi, nasi hatuna viwanda vya dawa Mbinga wala Liuli? Zinatoka kwenye miili yetu. Metformini ya mgonjwa wa kisukari hutoka kwa mkojo bila kuvunjwa na mwili. Watafiti waliopima maji ya Nairobi na Kisumu, matokeo yakachapishwa mwaka 2016, walikuta mabaki ya viuavijasumu na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Hata maji ya ardhini hayakuwa safi, na hilo lamhusu kila mwenye kisima jirani na choo cha shimo. Wagonjwa wasiache dawa zao, kwani bila hizo wangekufa. Kinachotakiwa ni kujua zinakoishia.

Pingamizi zito zaidi ni ukubwa wa ziwa: kina cha mita 700 hivi, nani atalichafua kwa mkojo? Hesabu hiyo inasahau njia ya kutokea. Maji mengi ya Nyasa hutoka kwa kugeuka mvuke, machache ndiyo yanayoteremka mto Shire. Dawa kama karbamazepini, ya kifafa, haipandi na mvuke na huvunjika kwa shida, hivyo inabaki. Tena samaki wengi na watu wako ufukoni, kwenye mdomo wa mto Ruhuhu, Lituhi na Mbamba Bay, mahali ambapo maji bado hayajachanganyika na kina.

Wapo wanaosema, kwa haki kabisa, kwamba protini ikibadilika si lazima kiumbe kidhurike. Kweli, joto, njaa na kujivua gamba pia huzibadili. Kwa hiyo usomaji wa protini uende pamoja na kipimo cha uzazi cha siku 21, kimoja kikieleza sababu ya kingine. Wala dafnia wa maabara hatoshi kuwasemea kopepoda, vijidudu wengine wa jamii ya kamba, kina Tropodiaptomus cunningtoni, ambao ndio usipa huwala kwa wingi katika maji ya wazi.

Barabara ya lami imeshafika Mbamba Bay, watu wanaongezeka na maduka ya dawa pamoja nao. Kituo cha Kyela cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa waanze sasa kuvua kopepoda kwenye midomo ya mito, kiangazi na masika, na kuwagandisha. Sampuli ya leo haitapatikana tena miaka kumi ijayo.