Kosa la Msuli, Adhabu kwa Mfupa

Tuliokaa mbele ya skrini Jumamosi ile kutazama somo la kumwekea mama mmoja kifundo bandia cha mguu tuliona kitu kimoja, na sina sababu ya kuzunguka mbuyu: zile milimita nne za mwisho za muundi hazikupaswa kukatwa.

Yaliyotangulia yalikuwa mazuri. Kifundo kilifunguliwa kwa mbele, ngozi haikubanwa kwa koleo, mishipa ililindwa, na mkato wa kwanza ulifuata mhimili wa mguu.

Turudi kwenye dakika ile. Vipande vya majaribio vimeshaingia: sahani ya muundi juu, kofia ya talasi chini, plastiki katikati. Mto mdogo ungali chini ya goti, na unyayo unapanda vizuri kupita pembe mraba. Kisha msaidizi akauondoa mto ili eksirei ipigwe. Goti likanyooka, vidole vikainama. Daktari akaweka kiganja chini ya unyayo, akasukuma. Ukafika pembe mraba, ukagoma. Akasukuma tena, ukagoma palepale. Ndipo akaagiza kibao cha kuongozea msumeno kipandishwe milimita nne.

Jibu lilikuwa limelala mbele yetu sote. Goti likikunjwa, unyayo unapanda, likinyooshwa, unagoma. Hiyo ni gastroknemia, msuli wa shavu la mguu unaoanzia juu ya goti na kushuka hadi kisiginoni. Soleasi, msuli mwenzake, huanzia chini ya goti, kwa hiyo haujali goti limekunjwa au limenyooka. Nils Silfverskiöld wa Sweden alitufundisha kipimo hiki miaka ya 1920, kwa mikono yake miwili. Msaidizi wa Jumamosi alikifanya bila kukusudia alipovuta ule mto, na hakuna aliyekisoma.

Badala yake mfupa ukaadhibiwa kwa kosa la msuli. Mnajua muundi ulivyo: sehemu iliyo ngumu ni ile iliyo karibu na kiungo, na kadiri unavyopanda, mfupa unakuwa laini na eneo la kukalia sahani linapungua. Umeiondoa sahani kwenye sakafu ya zege ukaiweka juu ya udongo. Nafasi uliyoiongeza nayo inakupa machaguo mawili mabaya. Ukiweka plastiki nyembamba, kifundo kitalegea goti likikunjwa. Ukiweka nene, ubishi uleule unarudi. Na msuli wenyewe bado ni mfupi, hivyo mgonjwa akitembea kisigino kitanyanyuka mapema na uzito utaangukia mbele ya unyayo, hatua baada ya hatua. Sahani ikizama miaka michache ijayo, atakayeirekebisha atakuta mfupa haba wa kufanyia kazi.

Dawa yake ilikuwa chale fupi upande wa ndani wa shavu la mguu, kukata utando wa gastroknemia, na kunyanyua unyayo goti likiwa limenyooka. Mpasuaji Strayer aliieleza njia hiyo mwaka 1950. Kwenye maswali daktari alijitetea kwamba mkanda wa kuzuia damu pajani ulikuwa umekaribia saa mbili. Siukubali utetezi huo. Chale hiyo haihitaji mkanda. Ungefunguliwa, damu ikarudi, kazi ikaendelea. Msumeno ndio usiorudisha kilichoondoka.

Nimelisema hili kwenye safu hii mpaka wengine wamenichoka, na nitalisema tena. Tumeuhamishia uchunguzi kwenye kompyuta. Mpango wa sitiskani unaonyesha kila pembe ya mfupa, lakini hauonyeshi msuli unavyovuta mgonjwa akisimama. Mwalimu wangu, marehemu sasa, hakumpandisha mtu mezani kabla hajamtembeza pekupeku kwenye korido, kwenda na kurudi, yeye akiwa amechuchumaa ukutani akitazama visigino. Alikuwa na eksirei ya filamu na kipimapembe cha plastiki tu. Mchagua jembe si mkulima.

Kinachoniuma zaidi ni sababu iliyotufanya tuchague kiungo bandia. Baridi yabisi ya kifundo si kama ya goti au nyonga. Kwa wengi huanza na jeraha, na hapa kwetu tunawajua waliovunjika kwenye bodaboda wakiwa vijana. Wanakuja na ngozi yenye makovu, na misuli iliyofupika kwa miaka ya kuchechemea. Kukigandisha kifundo, mbadala wa kiungo bandia, ni njia ya heshima. Mpasuaji John Charnley aliandika juu ya kukigandisha kwa kukikandamiza mwaka 1951, miaka mingi kabla Hakon Kofoed wa Denmark hajaanza kuweka viungo vyake mwaka 1981. Jaribio la TARVA la Uingereza, lililofanywa kwa wagonjwa 303 na matokeo yake kutolewa mwaka 2022, lilikuta njia zote mbili zinasaidia, na baada ya mwaka mmoja tofauti kati yao haikutosha kutangaza mshindi. Basi anayechagua kiungo bandia anachagua mwendo. Ukimwachia mgonjwa unyayo usiopanda, umempa hatari za kiungo bandia na ukakamavu wa kifundo kilichogandishwa.

Nilisikia makofi skrini ilipozimwa. Yalikuwa ya mshono uliopendeza, nami siwalaumu waliopiga. Ila nawaomba walioandaa somo lile wamrudishe mama yule mbele yetu baada ya miaka miwili, na picha ya eksirei iliyopigwa akiwa amesimama. Na wewe unayepanga kifundo wiki ijayo: kabla hujaomba msumeno mara ya pili, ondoa mto, nyoosha goti, sukuma unyayo, kisha likunje usukume tena.