Ombi la Safari Linavyopimwa Hekaluni Longshan

Marafiki wanaokwenda hekalu la Longshan, Taipei, kuomba baraka za safari hukuta utaratibu kamili unaowasubiri. Huingia kwa mlango wa kulia, wa joka, na kutokea kwa ule wa kushoto, wa chui milia. Kizingiti kinavukwa, hakikanyagwi.

Hekalu lilijengwa mwaka 1738 na walowezi waliotoka mkoa wa Fujian, China, watu waliofika Taiwan kwa kuvuka bahari yenye misukosuko. Ukumbi mkuu ni wa Guanyin, bodhisattva wa huruma, lakini nyuma yake yupo Mazu, mlinzi wa mabaharia, ambaye kwa mapokeo alizaliwa mwaka 960 katika kisiwa cha Meizhou. Wenye majahazi walimwomba. Leo wanaopanda ndege nao humwomba. Tangu 2020 Longshan imeacha kuchoma udi, kwa hiyo mwombaji hukutanisha viganja tu.

Kisha hujitambulisha: jina, tarehe ya kuzaliwa, anapoishi, anakokwenda na shida yake. Hatua hii ndiyo inayofanya ombi kuwa ombi. Maneno ya juu juu hayatoshi.

Jibu hutafutwa kwa jiaobei, vipande viwili vya mbao vyekundu vyenye umbo la mwezi mchanga, upande mmoja bapa na wa pili umebinuka. Mwombaji huvishika kwa mikono miwili, huuliza, kisha huviachia vianguke sakafuni. Kimoja kikionyesha ubapa na kingine mgongo, jibu ni ndiyo. Migongo yote ikiwa juu, ni hapana. Bapa zote zikiwa juu, mungu anacheka: swali halijaeleweka, au mwulizaji anajua jibu tayari.

Hapa ndipo kundi la marafiki hupata faida kubwa. Vipande haviwezi kujibu "twende lini?" Vinajibu "tuondoke tarehe hii?" Kabla ya kurusha, basi, marafiki wote wanapaswa kukubaliana juu ya tarehe, njia na mahali. Ubishi uliokuwa ukiahirishwa nyumbani humalizwa palepale uani.

Anayetaka maelezo zaidi huchomoa kijiti chenye namba ya shairi la utabiri, lakini namba hiyo haikubaliki bure: kwa desturi jiaobei lazima iithibitishe mara tatu mfululizo. Kama kila kipande kina nafasi sawa ya kulalia upande wowote, ndiyo moja hupatikana mara moja kati ya mbili, na tatu mfululizo mara moja kati ya nane. Wengi hurudisha kijiti na kuanza upya. Ugumu huo umewekwa makusudi, na ni sahihi: baraka inayopatikana kwa jaribio la kwanza haimfanyi mtu afikirie safari yake.

Mfano mkubwa wa kumwomba Mazu ulinzi wa safari uko Changle, Fujian. Mwaka 1431 Zheng He, amirijeshi wa meli za China, akisubiri upepo kwa safari yake ya saba, alisimamisha jiwe la maandishi kumshukuru Mazu kwa safari zilizotangulia. Jiwe hilo linaitaja Mogadishu, iliyotuma simba, na Barawa, iliyotuma mbuni.

Amirijeshi huyo alishukuru kabla ya kuomba tena. Hadi leo anayerudi salama hutarajiwa kurejea hekaluni kutoa shukrani. Kundi linalopanga safari lipange na siku hiyo pia.