Jembe Halilimi Lenyewe
Mwaka 2013 wanasiasa wa Kenya waliahidi kompyuta ndogo kwa kila mtoto aingiaye darasa la kwanza. Vishikwambi vikaanza kufika mwaka 2016. Huko Peru, tathmini ya mwaka 2012 haikuona waliopewa kompyuta wakiwazidi wenzao katika hisabati wala lugha. Mimi sishangai. Hapa Kinole mtoto hajui kilimo cha pilipili manga kwa kukabidhiwa jembe. Humfuata mkubwa shambani. Ndiyo maana naona serikali yetu ilianza vyema ilipowagawia walimu vishikwambi vya sensa ya 2022. Lakini mwalimu naye afundishwe kukitumia darasani. Asipofundishwa, kitalala kabatini, na mtoto ataendelea kunakili ubaoni kama jana.