Kamba ya Iyangura

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, ndani ya misitu ya Wanyanga kule Walikale, mashariki mwa Kongo, mtambaji aliyeitwa Shekarisi Candi Rureke alikubali kufanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: kuisimulia hadithi yote ya Mwindo, shujaa wa Wanyanga, toka chanzo hadi tamati, siku baada ya siku, bila kuruka kitu. Walioiandika walikuwa mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck na wenzake wawili, Amato Buuni na Stephano Tubi. Kazi ilikula siku 12, kuanzia asubuhi mpaka usiku. Rureke aliimba, akasimulia, akacheza, akaigiza, huku vijana wake wakimgongea vijiti na wanakijiji wakiitikia nyimbo. Alipoona wanaoandika wamebaki nyuma au sauti yake imeanza kukauka, aliliingiza hilo ndani ya utenzi wenyewe: akamwambia mwandishi asonge mbele, akawakumbusha wasikilizaji kuwa msanii naye anahitaji zawadi. Maneno hayo yamo kitabuni hadi leo, maana Biebuyck na Mnyanga mwenzetu, mwanaisimu Kahombo Mateene, hawakuyafuta walipouchapisha utenzi huo Marekani mwaka 1969.

Mimi hushikwa na jambo moja kila nikiirudia habari hiyo. Mtu aliyekuwa na hadithi nzima kichwani, toka utotoni mwa Mwindo hadi kutawazwa kwake, alifika utu uzima bila kuimaliza kwa mfululizo hata mara moja. Haikuhitajika. Jioni moja alisimulia kipande kimoja, jioni nyingine viwili, kulingana na alichotaka mwenye nyumba na kasiksi, yaani pombe ya ndizi, iliyokuwepo. Bila shaka wako waliokua wakijua habari za ngoma iliyotupwa mtoni lakini hawakuwahi kuusikia usiku ambao Mwindo anapandishwa mbinguni. Sidhani kuna aliyemwambia Rureke kwamba ana deni.

Nayasema haya kwa kuwa mimi ni msomaji wa riwaya za kifantasia, zile ndefu za juzuu tano, kumi, kumi na nne, na wasomaji wenzangu wa riwaya hizo wana malalamiko mengi. George R. R. Martin alitoa juzuu ya tano ya mfululizo wake Julai 2011. Ya sita mpaka sasa tunaingoja. Patrick Rothfuss alitoa ya pili Machi mwaka huohuo, na ya tatu, ambayo ndiyo ya kufungia, haijaja. Waliokuwa sekondari wakati ule leo wana watoto wanaosoma.

Kwetu Kirotshe kungoja kuna sura mbili: kumngoja mwandishi, na kuingoja njia. Barabara ya kutoka Sake kwenda Minova inatupitia hapa kando ya Ziwa Kivu, na karibu kila kitu cha Goma kinatufikia kwa barabara hiyo au kwa boti. Vita vikifunga njia, kitabu kinangoja pamoja na chumvi na sabuni. Riwaya hizi tunazisoma kwa Kifaransa, chache zikiwa za karatasi zilizolegea mgongo, nyingi zikiwa ndani ya simu, zikirushwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Hazifiki kwa mpangilio. Utapata ya kwanza na ya tatu, ya pili haipo. Basi yule aliyebahatika kuisoma ya pili akiwa Goma au Bukavu anakalishwa jioni na kuombwa asimulie. Nimewahi kukaa katika kikao cha namna hiyo, msimulizi ni kijana wa mwaka wa mwisho wa sekondari, na nilimwona akifanya kitu ambacho hakuna aliyemfundisha. Alifika mahali ambapo mfalme anafungua barua yenye jina la msaliti, akanyamaza, akaomba maji. Kila mtu akageuka kumtazama. Alikunywa polepole, kisha akasema simu inataka chaji, tuonane kesho.

Ufundi ninaousifu ni huo: ufundi wa kukata. Watu husifu ufundi wa kubuni nchi zisizokuwapo, mazimwi, silaha zenye roho, lugha za kutungwa, na kweli ni kazi kubwa. Lakini hadithi ndefu haibebwi na mazimwi. Inabebwa na sehemu zake za kuungana. Msusi wa kitunga anayeahirisha kazi jioni haachi hovyo. Anaacha ncha ndefu kiasi cha kushikika kesho, hata kama atakayeishika ni mtu mwingine. Mtambaji mzuri hukata mahali ambapo msikilizaji anajua vya kutosha hata aanze kukisia, na hajui vya kutosha hata alale.

Ubaya wa kukata vibaya unaonekana katika toleo la Kifaransa la riwaya za Martin. Juzuu zake tano zilikatwakatwa na mchapishaji wa Ufaransa zikawa vitabu 15. Juzuu moja inatoka vipande viwili, nyingine vinne. Aliyezisoma kwa mpango huo, kama tulivyozisoma wengi wetu, anajua uchungu wa kufika ukurasa wa mwisho na kukuta hakuna kilichofungwa wala kilichofunguliwa. Karatasi zimekwisha tu. Mwandishi alikuwa ameipanga pumzi yake, mfanyabiashara akaipangua. Baadaye yalitoka matoleo yanayofuata mgawanyo wa awali, na mtu akisoma hayo anatambua kwamba Martin alijua kabisa anaposimama na kwa nini.

Rureke naye alijua. Tazama anavyoanza. Shemwindo, mwami wa Tubondo, anawaambia wake zake saba kwamba hataki mtoto wa kiume. Mke wake kipenzi anamzaa Mwindo, mtoto anayezaliwa akitembea na kusema, mkononi ameshika usinga wa mkia wa nyati ambao ndio nguvu yake. Baba anamtupia mkuki, mkuki haumpati. Anamzika, kaburi linamtoa. Mwishowe anamfungia ndani ya ngoma, ngozi inawambwa juu yake, na ngoma inatupwa mtoni. Ngoma haizami. Inaelea, na ndani yake mtoto anaimba kwamba anakwenda kwa shangazi yake Iyangura, aliyeolewa na Mukiti, nyoka mkuu wa maji. Kisha inaanza kupanda mto, kinyume cha maji. Mtambaji akisimama hapo, kila mtu anarudi kwake akiwa na mtoto huyo masikioni. Hakuna haja ya kumwambia arudi kesho.

Ila kukata si kusimamisha tu. Mkataji mzuri anaacha kitu nyuma atakachokuja kukidai baadaye sana, wakati wewe umesahau. Mwindo akishakua anarudi kumkabili baba yake, na katika vita hivyo vya kuirudia Tubondo rafiki yake ni Nkuba, yaani Radi. Mwindo anamwita, Nkuba anashuka na kukiteketeza kijiji cha Shemwindo. Msikilizaji anafurahi: shujaa wetu ana radi mkononi. Kabla ya hapo wajomba zake, Baniyana, wamekwisha kumfua kwa chuma mwili mzima kama jembe jipya, hakuna cha kumtisha tena. Zinapita siku nyingi za masimulizi. Mwindo anashinda, baba na mwana wanapatana mbele ya watu, nchi inagawanywa. Ukiwa mgeni wa hadithi unaanza kujikung'uta uondoke. Ndipo Rureke anafungua mlango mwingine. Mwindo, sasa akiwa mwami, anatamani nyama ya nguruwe pori. Anawatuma Watwa wawindaji. Msituni wanakutana na Kirimu, zimwi la vichwa saba, linalowameza wote ila mmoja. Mwindo anakwenda kuliua. Harufu ya nyama ya zimwi ikiunguzwa inapanda juu hadi kwa Nkuba. Na Nkuba, kumbe, alikuwa amechanjiana damu na Kirimu.

Radi ileile iliyompa ushindi ndiyo inayokuja kumchukua. Mwindo anapandishwa mbinguni na kukaa huko mwaka mzima, anapigwa na mvua na baridi, anaunguzwa na jua, anakaripiwa na mwezi na nyota, na kile chuma cha wajomba hakimsaidii kitu. Anaambiwa asiue tena wanyama wa msituni ovyo. Anarudi mtu mpya, mwami anayewapa watu wake sheria za kuishi pamoja. Nani angefikiri, siku ile Tubondo inawaka moto, kwamba urafiki ule una masharti? Hiyo ndiyo raha ambayo kitabu kifupi hakiwezi kuitoa hata kiwe kizuri vipi. Inataka muda upite kati ya kupanda na kuvuna, tena muda wa kweli wa maisha ya msikilizaji, wa kulima na kusafiri na kuzika watu.

Katikati ya utenzi kuna mtu mmoja anayefanya kazi yetu sisi tunaongoja. Shemwindo ametorokea kuzimu, kwa kung'oa mmea na kushuka kwenye shimo lake. Mwindo anataka kumfuata. Anachukua kamba ndefu, ncha moja anamwachia shangazi yake Iyangura, nyingine anashuka nayo. Anamwambia: ukiona kamba haichezi tena, ujue nimekufa. Toka hapo hadithi inakwenda huku na kule. Kuzimu, Mwindo anapewa na Muisa, mmoja wa miungu ya huko, kazi zisizowezekana: kupanda shamba la migomba na kuvuna siku hiyohiyo, kurina asali kwenye mti mkubwa. Juu, mwanamke amekaa na ncha ya kamba. Muisa anampiga Mwindo kwa mkanda wake wa ajabu, pumzi inakatika, na kamba inatulia. Iyangura anaomboleza. Halafu usinga unamwamsha kijana, na kamba inacheza tena mikononi mwa shangazi, ambaye hajui kilichotokea huko chini. Anajua tu kwamba kuna mtu.

Mtungaji wa utenzi huu alimfikiria anayesubiri. Hakumwacha nje ya hadithi, alimpa jina, cheo na kazi. Mwindo anarudi akiwa na baba yake hai, lakini Iyangura hakushuka kuzimu wala hakupigana na mtu, alishika kamba. Shangazi huyo namheshimu kuliko mashujaa wengi wa vitabu nilivyosoma.

Ninawaelewa, kwa hiyo, wanaomkasirikia Martin na Rothfuss. Kamba imetulia mno. Na kuna tofauti ambayo haifai kufichwa: watu wa Bese waliweza kwenda kwa Rureke wakamwomba kipande wanachokitaka, kwa sababu hadithi ilikuwepo tayari, imekaa ndani yake na ndani ya aliyemfundisha. Mwandishi wa riwaya anaitafuta hadithi yake akiwa peke yake, gizani, na mlango wa kuzimu anauchimba mwenyewe. Mwandishi aliyechelewa simwiti mwizi. Amekwenda mahali ambapo hakuna aliyetangulia, na huenda huko kuna mkanda wa Muisa.

Tena wapo ambao kamba yao ilitulia kweli. Robert Jordan alifariki Septemba 2007 kabla ya kuumaliza mfululizo wake mkubwa. Alipojua kuwa hali ni mbaya, aliacha maandishi ya kumwelekeza atakayefuata, na aliwakalisha watu wa nyumbani kwake akawasimulia kwa mdomo jinsi mambo yatakavyoisha. Mke wake Harriet McDougal, aliyekuwa pia mhariri wake, akamchagua kijana aliyekua akivisoma vitabu hivyo, Brandon Sanderson, na juzuu ya mwisho, ya 14, ikatoka Januari 2013. Mwandishi wa mamilioni ya nakala, saa yake ilipofika, alifanya kama wafanyavyo watambaji wa Walikale: akaiweka hadithi midomoni mwa walio karibu. Hivyo ndivyo vijana wanaogonga vijiti kando ya mtambaji wanavyorithi. Wanaitikia miaka mingi, na siku moja wanaanza wenyewe.

Wala hawaanzi sawasawa na mwalimu wao. Mwaka 1978 Biebuyck alichapisha masimulizi mengine matatu ya Mwindo kutoka kwa Wanyanga haohao, na hayafanani na la Rureke. Nilipoyasikia hayo nilifurahi kama mtu aliyeambiwa kuna juzuu nyingine tatu.

Natamani utenzi huu uchapwe kwa Kiswahili, kwa vijitabu vyembamba vya bei ya sokoni, kimoja kwa mwezi, visomwe hapa Kirotshe na Sake na Masisi, na katika kambi ambako watu wa Walikale wamekimbilia na watoto wasioujua msitu wao. Ningekuwa mchapishaji ningekata hivi. Cha kwanza kiishie ngoma inapoanza kupanda mto. Cha pili kiishie Tubondo inapoungua na Shemwindo haonekani. Cha tatu kiishie kamba inapotulia, na ninajua nitatukanwa barabarani. Cha nne kiishie baba na mwana wamekaa vitini, nchi imegawanywa, ngoma zinalia, bila neno lolote kwamba kuna kingine. Hapo ningewaacha wasomaji miezi miwili badala ya mmoja, wagombane kama imekwisha au haijakwisha, waazimane, wapoteze nakala, wasimuliane kwa namna wanayokumbuka. Kisha kingefika cha tano kwa boti ya asubuhi, na mstari wake wa kwanza ungekuwa kuhusu mwami kijana aliyeamka na hamu ya nguruwe pori.