Pongezi kwa waliomsikiliza mwanamke wa Ng'ambo

Unguja ya watalii ni milango ya nakshi na majumba ya mawe. Ng'ambo, upande wa pili wa lililokuwa daraja, haimo humo. Ndiyo maana nawapongeza kwa moyo wote waandishi na watengeneza filamu walioamua kuvuka.

Wa mwanzo ni Shaaban Robert. Katika Wasifu wa Siti binti Saad alimpa heshima ya kitabu kizima mwanamke wa Fumba aliyeingia mjini akiuza vyungu, na ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili.

Kisha mwanahistoria Laura Fair, katika Pastimes and Politics (2001), akaitazama nguo. Utumwa ulipofutwa mwaka 1897, wanawake waliokuwa wakivaa kaniki na merikani za kitumwa waliziacha, wakajifunga kanga za rangi. Ukisoma sura yake ya nguo hutaiona tena kanga ya bibi yako vilevile: ilikuwa tangazo la uungwana. Amewaonyesha pia wanawake hao wakiwa mbele katika mgomo wa kodi ya ardhi wa 1928.

Na filamu As Old as My Tongue (2006) imetuachia kile ambacho karatasi haiwezi kukihifadhi: mwimbaji Bi Kidude mwenyewe, sauti yake nzito na ngoma yake. Kungwi huyu hatumsikii kwa kusimuliwa. Anasema mwenyewe, anacheka, anabisha. Naomba filamu hiyo ionyeshwe shuleni, Ng'ambo kwanza.